Video ya macho mawili kwa televisheni ya nyumbani: niisimbe ubavu kwa ubavu au juu na chini?

MpigaVideo_Uyole ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni mpiga video wa harusi na sendofu hapa Uyole, Mbeya, na hii kazi ya 3D, yaani video inayolipa kila jicho picha yake ili vitu vionekane vina kina, naifanya kwa kupenda tu, haina mteja. Baada ya msimu wa sherehe kupungua nilichukua kamera zangu mbili za aina moja, nikazifunga kwa nati juu ya kipande kimoja cha ubao, lenzi zikiwa zimeachana sentimita 12 kwa kuwa maumbo ya kamera zenyewe hayaruhusu zisogeleane zaidi ya hapo. Nikaenda nazo sehemu tatu: mashamba ya chai ya Rungwe, Daraja la Mungu katika Mto Kiwira, na nguzo za asili za Isimila, kule jirani na Iringa. Kusudi langu ni kumwonyesha mama, ambaye yuko Tukuyu na miguu haimruhusu tena safari ndefu, zile nguzo za Isimila kama mtu aliyesimama katikati yake.

Televisheni ninayo. Ni ya mtumba, inchi 42, pikseli 1920 kwa 1080, ya kundi linalotumia miwani myepesi isiyo na betri, nayo ilikuja na miwani minne. Niliminya picha ya kila kamera hadi upana wake ukabaki nusu, nikaziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu ndani ya fremu moja, nikasimba (wengine mnasema kuenkodi) kwa H.264, ile njia ya kawaida ya kubana video, nikachomeka flashi. Mwanzoni zilionekana picha mbili za watu wembamba kama mianzi, hadi nilipobonyeza kitufe cha 3D kwenye rimoti na kuchagua alama ya visanduku viwili vilivyopangwa sambamba. Hapo nguzo zikajitenga na ukuta wa korongo, nami nikapiga kelele peke yangu sebuleni.

Furaha ilipungua nilipotazama kwa utulivu. Majani ya chai yamekuwa uji, hayana ncha. Maandishi niliyoyaweka katikati ya fremu, KARIBU ISIMILA, yalipasuka: jicho la kushoto linasoma KARIBU, la kulia linasoma ISIMILA, na maneno hayo mawili yanakaa moja juu ya jingine kama nguo zilizorundikwa kwenye kamba. Watoto walioketi mkekani walilalamika kuwa wanaona kila kitu viwili viwili, ilhali mimi niliyekuwa kwenye kochi sikuona kasoro hiyo. Na pale Daraja la Mungu kuna mwamba wa karibu unaonivuta macho hadi yanauma. Je, nimekosea njia ya kusimba? Nitafute ile inayotumika kwenye diski za Blu-ray, au tatizo ni televisheni yenyewe?

Fundi_Ipogolo amejibu:

Kamwene, ndugu yangu wa Uyole. Televisheni yako haina ubaya. Umeichagulia faili lisiloifaa. Naomba nieleze taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapoponyokwa.

Televisheni ya miwani isiyo na betri ina utando mwembamba mbele ya kioo, unaoupa kila mstari wa pikseli mwelekeo wake wa mwanga: mstari wa kwanza ni wa jicho hili, wa pili ni wa jicho lile, na kuendelea hivyo hadi chini. Maana yake ni kwamba kati ya mistari 1080, kila jicho linapata 540 tu, hata ukiipa televisheni hiyo picha nzuri namna gani. Sasa wewe, kabla ya kufika hapo, umeshaminya upana ukabaki safu wima 960 za pikseli badala ya 1920. Faili limekula nusu ya upana, kioo kikala nusu ya urefu, na jicho likabaki na pikseli 960 kwa 540, yaani robo ya kile kamera yako ilichokamata. Ndiyo maana majani ya chai yamekuwa uji.

Minya upande ambao kioo kitaukata hata hivyo. Shusha kila picha iwe 1920 kwa 540, weka ya kushoto juu na ya kulia chini, simba fremu hiyo moja ya 1920 kwa 1080, kisha kwenye rimoti chagua alama ya visanduku viwili vilivyopandana. Upana wako utabaki mzima, na urefu uliopotea ni ule ambao usingeupata kwa vyovyote. Ukubwa wa faili hautabadilika kwa maana yoyote, kwa sababu idadi ya pikseli ni ileile. Angalizo moja tu: unapopunguza urefu, programu ichanganye mistari kwa wastani, isiruke mmoja na kuchukua mmoja, la sivyo kingo za majani zitametameta kila kamera inaposogea.

Kuhusu Blu-ray: kanuni za diski za 3D zilikamilishwa Desemba 2009, na njia yake inaitwa MVC. Ni njia ya akili sana. Picha ya jicho moja inasimbwa kama video ya kawaida kabisa, ambayo hata mashine isiyojua 3D itaicheza. Picha ya jicho la pili haisimbwi upya yote, bali inatabiriwa kutoka kwa ile ya kwanza, na kinachoandikwa ni tofauti tu. Kwa kuwa macho mawili huona karibu kitu kilekile, ongezeko ni takribani asilimia 50 juu ya video ya kawaida, si maradufu, na kila jicho linabaki na 1920 kwa 1080 kamili. Mashine ya kucheza diski huzituma picha hizo kwenye televisheni kwa waya wa HDMI zikiwa zimepandana ndani ya fremu ndefu ya mistari 2205: mistari 1080, nafasi tupu ya mistari 45, halafu 1080 nyingine. Lakini kwa flashi njia hii itakutesa. Visomaji vya flashi vya televisheni hizo kwa kawaida haviielewi MVC, na x264, programu ya bure ambayo nadhani ndiyo unayoitumia, haiisimbi. Tena, kwa kioo cha mistari 540 kwa jicho, hungeona faida ya jasho lako.

Wala usijaribu kuzipanga picha mbili nzima zikiwa 3840 kwa 1080. Visomaji vingi vya umri huo vimetengenezwa kwa kiwango cha 4.1 cha H.264, ambacho fremu yake kubwa kabisa ni kama 1920 kwa 1080. Vitakuambia faili halitambuliki, nawe utadhani flashi imeharibika.

Watoto wa mkekani wana haki yao. Ule utando umelingana na mistari kwa mtu anayetazama kutoka usawa wa kioo. Anayetazama kutoka chini sana anaiona mistari ya jicho moja kupitia utando wa jicho jingine. Inamisha televisheni kidogo au wapandishe kwenye viti. Maandishi yaandike mara mbili, kila jicho na lake, kabla ya kuminya.

Makambako_Njiapanda amejibu:

Namheshimu Fundi, lakini mimi natumia ubavu kwa ubavu miaka yote na picha yangu ni kali. Hata matangazo ya 3D ya satelaiti yalikuwa yakirushwa kwa mtindo huo. Kama ungekuwa mbovu kiasi hicho, mashirika makubwa yasingeuchagua.

Fundi_Ipogolo amejibu:

Ndugu wa Makambako, miwani yako ina betri?

Makambako_Njiapanda amejibu:

Ndiyo. Inachajiwa kwa waya.

Fundi_Ipogolo amejibu:

Basi sote tuko sahihi. Televisheni yako huonyesha picha nzima ya kushoto, kisha picha nzima ya kulia, na miwani hufunga na kufungua macho kwa zamu kufuata mwendo huo. Kila jicho linapata mistari yote 1080, kwa hiyo ubavu kwa ubavu unakupunguzia upana tu, na juu na chini kungekupunguzia urefu tu. Kwako ni hiari. Kwa mwenzetu wa Uyole si hiari.

Na hoja yako ya matangazo ni nzuri, ila sababu yake ni nyingine. Matangazo mengi yalikuwa ya mistari ya kupishana, ambapo fremu hutumwa kwa nusu mbili: kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya shufwa, na nusu hizo hupigwa kwa nyakati mbili tofauti. Ukiminya urefu wa picha ya namna hiyo unachanganya nyakati mbili kwenye mstari mmoja. Ukiminya upana hugusi mpangilio wa mistari. Toleo la HDMI 1.4a la mwaka 2010 lenyewe lilizilazimisha televisheni kupokea ubavu kwa ubavu kwa picha za mistari ya kupishana, na juu na chini kwa picha za fremu kamili. Walijua walichokuwa wakikifanya.

Mwalimu_Fizikia_Njombe amejibu:

Ndugu zangu, Fundi ameeleza vizuri upande wa kioo. Mimi naongeza suala la mwamba unaouma macho, kwa kuwa hilo halitaponywa na usimbaji wowote.

Wapigaji wa picha hizi wana kipimo cha kienyeji: kitu cha karibu kabisa kiwe mbali angalau mara 30 ya mwachano wa lenzi. Lenzi zako zimeachana sentimita 12, hivyo kitu cha karibu kabisa kinatakiwa kiwe mita 3.6 au zaidi. Ule mwamba wa Kiwira nadhani ulikuwa mita moja na nusu. Kinyume chake, ukisimama ukingoni mwa Ziwa Ngozi na kuelekeza kamera ng'ambo ya pili, sentimita 12 hazitakupa kina cha maana, kila kitu kitalala bapa kama kalenda ya ukutani.

Kuna na hesabu ya kioo, ambayo ningependa kila mtu aifanye kwa televisheni yake kwa rula. Kioo cha inchi 42 kina upana wa takribani sentimita 93. Gawa kwa 1920, unapata karibu nusu milimita kwa pikseli moja. Macho ya mtu mzima yameachana wastani wa milimita 65 hivi, wa watoto pungufu. Ikiwa mlima wa nyuma umeachana kati ya picha ya kushoto na ya kulia kwa zaidi ya pikseli 134 hivi, unayalazimisha macho ya mtazamaji yatazame nje, kila moja upande wake, jambo ambalo hayajaumbwa kulifanya. Hiyo 134 ni ukingo wa shimo. Raha yenyewe ipo chini ya nusu yake. Na sasa angalia hatari: faili hilohilo ukilipeleka kwenye projekta ya kanisani inayotoa picha ya mita mbili na nusu, pikseli moja inakuwa milimita 1.3, na ukingo wa shimo unashuka hadi pikseli 50. Video iliyokuwa tulivu sebuleni inawaumiza watu ukumbini, na hakuna aliyebadilisha hata biti moja.

Unachoweza kufanya kabla ya kusimba ni kuisogeza picha moja kushoto au kulia ili kitu cha karibu kikae juu ya kioo chenyewe, ukijua kwamba kila pikseli unayoipunguza mbele unaiongeza nyuma. Pia hakikisha picha hazijapishana juu na chini. Macho yamezoea kuachana kwa ubavu. Hayajazoea moja kupanda na jingine kushuka, na ubao uliopinda hata kidogo unatosha kuleta maumivu ya kichwa.

MpigaVideo_Uyole ameandika:

Nawashukuru sana, Fundi na Mwalimu. Nimepima kwa rula, na mwamba wa Kiwira nimeukata wote. Nilikuwa nimesimama karibu nao kuliko hata alivyokisia Mwalimu.

Juzi usiku nimesimba upya kwa juu na chini. Chai ya Rungwe imerudi, naona hadi ncha za machipukizi. Lakini limezuka jambo jipya: penye maji yanayokwenda kasi kingo zina meno kama ya kitana, na mtu akipita mbele mikono yake inaacha vivuli. Kwenye faili la ubavu kwa ubavu sikuliona. Na mahali pengine maji yanaonekana kuelea juu ya mto, kama yana kina chake tofauti na mawe.

Fundi_Ipogolo amejibu:

Hayo ni magonjwa mawili. Meno ya kitana yanatokana na jambo nililomweleza ndugu wa Makambako: kamera zako za harusi, bila shaka, zinarekodi kwa mistari ya kupishana, nusu 50 kwa sekunde. Umeminya urefu kabla ya kuziunganisha nusu hizo. Zirudishe kwanza ziwe fremu kamili, halafu ndipo uminye, ndipo upandanishe. Mpangilio huo usigeuzwe.

Maji yanayoelea ni kutokwenda sawa kwa kamera. Umezilinganisha kwa sauti ya kofi, sivyo? Kofi linakufikisha kwenye fremu iliyo karibu tu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kamera moja inaweza kubaki nyuma ya nyingine kwa hadi milisekunde 20, na katika muda huo povu la mto limeshasogea upande. Jicho halijui kuwa limesogea. Linahesabu msogeo huo kama kina. Mawe yametulia, hivyo hayadanganyi. Kama kamera zina uwezo wa fremu kamili 50, tumia hizo safari ijayo, kosa litashuka hadi milisekunde 10. Na rekodi vipande vifupi, kwa sababu saa za kamera mbili huachana kidogo kidogo kadiri kipande kinavyorefuka.

Unapomaliza, liambie faili lenyewe ni la aina gani. H.264 ina sehemu ya kuandika mpangilio wa picha, na katika x264 namba 3 ni ubavu kwa ubavu, namba 4 ni juu na chini. Kuna mtego hapa: ukifunga video ndani ya faili la Matroska (yale yanayoishia na .mkv), lenyewe lina orodha yake, na humo namba 3 ni juu na chini, kushoto ikitangulia. Namba ileile, maana mbili. Mimi niliwahi kupoteza Jumapili nzima kwa sababu hiyo.

Na kama huna uhakika umeipa kila jicho picha yake, geuza miwani juu chini, kisha uivae hivyo. Lenzi ya kushoto itakuwa kwenye jicho la kulia. Ikiwa picha inakaa vizuri zaidi hivyo, basi umezibadilishia macho. Zigeuze kwenye faili, usiwaambie wageni wavae miwani kinyume.

Mama_Nane_Mafinga ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Sisi tusio na televisheni hizo, ile miwani ya karatasi yenye nyekundu na samawati haitusaidii?

Mwalimu_Fizikia_Njombe amejibu:

Dada wa Mafinga, inasaidia, na uzuri wake ni kwamba inafanya kazi kwenye kioo chochote, hata simu. Njia hiyo ni ya zamani. Mjerumani Wilhelm Rollmann aliieleza mwaka 1853. Ila inalipia kwa rangi. Kitenge chekundu kinawaka kwa jicho la nyekundu na kuwa cheusi kwa jicho la samawati, na ubongo unabaki unagombana na nafsi yake. Usimbaji wa kawaida unaongeza tatizo, kwa sababu huhifadhi rangi kwa ukali mdogo kuliko mwanga: nukta moja ya rangi kwa kila pikseli nne. Katika njia hii rangi ndiyo inayotenganisha macho, kwa hiyo jicho moja linavujiwa na kivuli cha mwenzake. Punguza wekundu au igeuze picha kuwa ya kijivu kabla ya kuchanganya, na uongeze kiwango cha biti. Ukiwa na kichujio cha stereo3d cha FFmpeg, programu ya bure ya kuchakata video, tumia mchanganyo wa rangi uliobuniwa na mtafiti Eric Dubois. Vivuli hupungua kwa kiasi kinachoonekana.

Nikirudi kwa ndugu wa Uyole: tafadhali usifute rekodi za kamera baada ya kutengeneza faili la mama. LG na Sony waliacha televisheni za 3D mwaka 2017, na hiyo ya mtumba siku moja itazimika. Hifadhi kushoto na kulia zikiwa faili mbili nzima, na uandike kwenye karatasi mwachano wa lenzi. Njia mpya zipo tayari. Ile ya MV-HEVC, ndugu mdogo wa MVC, iliingizwa katika kiwango cha HEVC, mrithi wa H.264, mwaka 2014, na simu za iPhone 15 Pro zilianza kuitumia mwaka 2023 kurekodi video za macho mawili. Ukiwa na rekodi nzima unaweza kusimba kwa njia hizo wakati wowote. Ukiwa na faili lililominywa, ile nusu uliyoitupa hairudi.

MpigaVideo_Uyole ameandika:

Nimezirudisha nusu kuwa fremu kamili kabla ya kuminya, na meno ya kitana yametoweka. Maji ya Kiwira nimeyaacha, nitayarudia. Jumamosi nilipeleka televisheni Tukuyu kwenye kiti cha mbele cha gari la jirani, nikaiweka mezani usawa wa macho ya mama, nikacheza Isimila dakika sita bila sauti. Alinyamaza kwanza. Halafu nguzo ya pili ilipoingia, ile iliyoinama, alinyoosha mkono kama mtu anayepima kitambaa, akauliza kama nyuma yake kuna njia ya kupita. Ipo, lakini sikuipiga. Rekodi zote mbili ziko kwenye diski, na ubao umeandikwa kwa kalamu ya wino: sentimita 12.